Martine Aliomba Karatasi

Watu wa mtaa wetu wakimtaja Martine husema "ule mama wa broderie", kana kwamba hakuzaliwa na jina. Ni kweli anadarizi. Amedarizi mashati ya wanakwaya, vitambaa vya altare, nembo za shule kwenye mifuko ya sare, maua kwenye shingo za nguo za harusi, na misalaba kwenye liputa, vile vitenge vya kujifunga, za matanga. Nusu ya Kamalondo, mtaa wetu, imevaa kazi ya vidole vyake, na nusu nyingine inambembeleza apunguze bei. Mimi ni jirani yake tangu tukiwa wasichana. Ua wangu na wake vinagawana ukuta mmoja, na nikikohoa usiku yeye ndiye husema pole asubuhi. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota sokoni.

Baba yake alitoka Mitwaba, mashambani, akiwa kijana, akaja kufanya kazi ya reli, akamwachia binti yake ukatoliki na mgongo wa kuvumilia. Martine aliolewa na Symphorien, mtu mpole aliyependa redio kuliko chakula. Hawakujaliwa mtoto, na Symphorien akafa kwa ugonjwa wa sukari. Wa damu aliyebaki ni Ruphin, mdogo wake wa kiume, na huyo nitamsema baadaye, maana nikianza naye nitamtukana. Martine hakuwa mtu wa kulialia. Aliamka, alichemsha maji, alitoa meza yake barazani penye mwanga, alishona mpaka mwanga ukaisha, na kesho yake hivyohivyo. Ukimwuliza habari alijibu, "Tuko tu." Mtu akikuambia "tuko tu" kila siku kwa miaka mingi, ujue amechoka na hana pa kuupeleka uchovu wake.

Kisha vidole vikaanza. Baridi ya mwezi wa sita ndiyo iliyovishika kwanza, tukadhani joto la mwezi wa tisa litaviachia, halikuviachia. Vifundo vilivimba, kidole cha shahada kikapinda. Ilimbidi avitie kwenye maji ya moto kila asubuhi ndipo aweze kushika sindano. Kazi ya siku moja ikawa ya siku mbili. Masista wa shule, waliokuwa wanampa nembo za sare kila mwaka, walimwita wakamwambia kwa upole, kwa kuwa masista hata wakikufukuza hukufukuza kwa upole, kwamba mwaka unaokuja nembo zikichelewa tena watampa kazi mtu mwenye mashine.

Alirudi akaketi jikoni kwangu bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Mama Gaëlle," aliniambia, maana hapa kwetu ukishazaa jina lako linazikwa na unaitwa kwa jina la mtoto, "kama kazi ya bamasista inaenda, miye pia naenda. Nitarudia Mitwaba kulima."

"Kulima na vidole gani?"

"Na hii hii."

Hakuwa anatania. Nyumba ni ya kupanga, na bila zile nembo kodi haipatikani. Mitwaba anayemjua ni binamu mmoja tu, na binamu huyo ana watoto wa kutosha kumfanya asimkumbuke. Martine alikuwa anahitaji mashine ya kudarizi, basi. Ile ya umeme, unayoionyesha mchoro ikachapa yenyewe huku wewe umekaa unaitazama. Nilimwuliza mashine ya umeme atailisha nini, maana umeme wa mtaa wetu huja unapojisikia. Akasema ukija atachapa, ukienda atapumzisha mikono. Neno kupumzisha sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Aliyemwingiza kwenye habari ya kadi ni Ephraïm, kijana wa benki kule Ville, katikati ya mji, ambako masista humwekea malipo yake. Ephraïm ana tai nyembamba na moyo mzuri, mchanganyiko ambao hauonekani sana katika ofisi zile. Alimweleza kwamba muuza mashine yuko nje ya nchi na anapokea kadi tu. Kadi ya kujaza pesa zako kwanza kila mtu anaipata, lakini Martine hakuwa na cha kujaza.

"Mama, tutakulombea carte de crédit yenyewe," alisema. "Banque inalipa mashine, weye unairudishia polepole, kila mwezi. Bamasista banakulipaka bien, dossier yako iko muzuri. Itapita."

Martine alirudi na uso wa msichana. Nilimchokoza nikamwambia sasa amekuwa mzungu, atalipia hata mchicha kwa kadi. Akacheka mpaka akashika ubavu. Ninaukumbuka ule mcheko kwa sababu haukukaa.

Dossier, yaani faili la maombi, haikupita. Ephraïm alimwita, akamfungia mlango wa kijiofisi chake ili watu wasisikie, jambo ambalo mpaka leo ninamshukuru.

"Mama, balikatala. Ku jina yako kuko jugements mbili ya tribunal. Deni yenye haikulipwa."

Sasa ni wakati wa Ruphin. Zamani, Symphorien akiwa hai, Ruphin alichukua simenti kwa mkopo kwenye depo ya Papa Godefroid ili, kwa maneno yake, ajenge nyumba ya mheshimiwa mmoja. Dada yake alisaini kuwa mdhamini, kwa kuwa dada zetu husaini kwanza kisha huuliza ni nini. Nyumba ya mheshimiwa haikuonekana. Simenti iliuzwa, pesa zilinywewa, na Ruphin akahamia Kolwezi ambako ninasikia ni mchungaji wa kanisa. Papa Godefroid alienda mahakamani. Hukumu ya kwanza ikasema Ruphin na dada yake walipe. Ruphin alipokuwa ameshatoroka, hukumu ya pili ikasema dada alipe peke yake.

Lakini Papa Godefroid na Martine walikuwa wa shirika moja, ile jumuiya ndogo ya parokia ambayo husali nyumba kwa nyumba kila wiki. Wakristo wawili wanaopokezana kitabu cha nyimbo wanashtakiana mahakamani! Tena Godefroid ni Mluba wa Kasai, Martine Mluba wa Katanga, na katika mji huu watu wa pande hizo mbili hawahitaji kuchokozwa sana ili wakumbushane nani ni mwenyeji na nani aliletwa na treni. Shirika likaingilia kati. Likawakalisha, likawasikiliza, likaamua. Martine alilipa kwa kazi. Aliwashonea na kuwadarizia nyumba nzima ya Godefroid, harusi za binti zake, ubatizo wa wajukuu, mpaka mzee mwenyewe aliposema imetosha. Siku ya mwisho tulikutana kwao, mtaa wa Bel-Air. Mama Deborah, mke wa Godefroid, ambaye shirikani tunamwita kwa jina lake mwenyewe la ubatizo, alisonga bukari, ugali wetu, akaleta kuku na sombe ya majani ya muhogo, na wale wawili wakanawa mikono katika beseni moja na kula katika sahani moja huku sisi wengine tukiimba. Mambo yakaisha. Dawa ya deni kulipa, na lilikuwa limelipwa.

Niambieni basi, nani mwenye akili angeinuka pale, vidole bado vina mchuzi, aseme, "Papa, sasa naomba risiti"? Na nani angepanda teksi kwenda mahakamani kumwarifu karani kwamba Godefroid na Martine wamekula? Hakuna aliyewaza. Kwetu ukishakula na mtu umemaliza, na ukiongeza neno unaharibu. Kule mahakamani, kwenye kabati lao, deni likabaki zima kama siku lilipozaliwa.

"Mulimaliza wapi, mama?" Ephraïm alimwuliza.

"Mu shirika. Bantu bote baliona."

Kijana alijikuna shingo. "Mama, banque haijue shirika."

Alijaribu. Kiongozi wa shirika aliandika barua nzuri yenye muhuri wa parokia, akataja na sombe. Benki ilijibu kwamba inahitaji quittance, yaani karatasi ambayo mdai mwenyewe anasaini kwamba amelipwa, ikapokelewa na karani wa mahakama. Tulienda kwa karani. Alikuwa anakula karanga na hakuacha.

"Kwetu ile deni iko muzima," alisema. "Leteni mwenye alishinda kesi, asaini."

"Ni kitu kidogo," nilimwambia Martine tukitoka. "Papa Godefroid atasaini hata akiwa amelala."

Martine aliendelea kutembea. Yeye alikuwa anamjua Godefroid kuliko mimi.

Niseme nyumba ile ilikuwa nini kwake. Undugu ni kufaana, si kufanana, na baada ya ile sahani nyumba ya Bel-Air ilikuwa imekuwa kwao. Godefroid alimwita dada. Mama Deborah alimwita yaya, kama dada yake mkubwa. Watoto walimwita mama mukubwa, na wajukuu walikuja kulala kwake likizo wakimharibia nyuzi. Symphorien alipokufa ni Godefroid aliyetafuta sanduku, akabishana na fundi juu ya vishikio vyake. Krismasi, Pasaka, ubatizo, Martine alikuwa Bel-Air tangu asubuhi, kiunoni kafunga liputa ya kazi. Kwa mwanamke asiye na mtoto wala mume, na mwenye mdogo kama Ruphin, nyumba ile ilikuwa watu wake wote.

Tulienda Jumapili, baada ya misa. Mama Deborah alitupokea kwa kelele za furaha.

"Yaya! Mbona haukutuma mambo? Tungepika!"

Mzee alikuwa sebuleni, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni, miguu imevimba kwa presha. Martine alieleza. Alieleza polepole, akiwa ameficha mikono chini ya kitenge, nami nilikuwa nataka kumwambia itoe, mwonyeshe. Godefroid alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimwita mke wake kutoka jikoni aje asikie naye.

"Dada," alisema, "miye niko muntu wa karatasi. Mu dépôt yangu hata mufuko moya ya simenti haitoke bila facture. Mara moya tu mu maisha yangu nilisema, hapa hapana karatasi. Ni ile siku ya weye. Juu ya nini? Juu tulikula."

"Papa, sikatale kama tulikula. Banque njo inalomba."

"Banque haikukula na shiye."

"Ndiyo, Papa."

"Nikisaini, ni kusema ile siku haikutosha. Ni kusema bukari ya Deborah haikukuwa na nguvu, tribunal njo iko na nguvu."

Mama Deborah alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa anamtazama mumewe. Mimi nilisema, ulimi wangu haujui kukaa. Nilisema, "Papa, ni karatasi tu, angalia mikono ya mutu." Martine akanikanyaga mguu.

"Sikukatalie," mzee alimwambia yeye, si mimi. "Ukirudi ukinilomba tena, nitasaini, na nitaenda mwenyewe mu tribunal. Haki yako. Lakini ujue bien. Mwenye tulikula naye, tulikula. Mwenye tuko na karatasi naye, tuko na karatasi. Ile bintu mbili haikalake pamoja. Enda ufikiri."

Tulirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia kwa sababu Martine hakutaka kukaa karibu na watu. Nilimtukana Godefroid tangu Bel-Air mpaka darajani. Nilimwita mbuzi dume, nilimwita mfungaji wa vifungo. Kiburi cha mzee mmoja kinamgharimu mjane mikono yake! Na bado, nitasema ukweli, upande mmoja wa moyo wangu ulikuwa unamwelewa. Mtu amefanya jambo moja zuri maishani mwake bila kuhesabu, sasa anaambiwa lirudi likahesabiwe. Nilimwelewa na nilitaka kumpiga.

Martine alikaa na neno lile wiki nzima. Hakuniuliza ushauri, nami nilimpa kila siku. Nilimwambia aende akaombe. Hata leo ningemwambia vilevile: kuku wa Krismasi halipi kodi ya nyumba. Yeye alikuwa anasema "nasikia" na kuendelea kushona. Kisha asubuhi moja nilisogea barazani kwake kuazima chumvi nikamkuta ametulia, anatazama kitambaa cheupe cha altare. Kilikuwa na doa jekundu katikati, linapanuka. Sindano ilikuwa imemwingia kidoleni na hakuisikia. Aliona damu kwanza, maumivu hayakuja kabisa.

"Naenda kulomba tena," alisema.

Alisema kwa sauti ya mtu anayekwenda kuchota maji.

Papa Godefroid alikuja mahakamani amevaa suti, na tai, na kofia. Hakumleta Deborah. Karani alitaka ada, maana hukumu ikitekelezwa serikali nayo inakumbuka kuwa ina njaa. Martine akafungua mkoba. Mzee akainua mkono.

"Nusu ni yangu," alisema, akalipa nusu yake, akaomba risiti yenye jina lake.

Walisaini. Mzee alisoma kila mstari kabla ya kusaini, kidole kikifuata maneno. Karani alipiga muhuri. Nje, kwenye ngazi, Martine alisubiri, nadhani alikuwa anangoja walau neno moja. Godefroid alimpa mkono, akaushika kwa upole kwa sababu ya vile vifundo, akagusa kofia yake.

"Bon," alisema. "Au revoir, Madame."

Nilimsikia. Miaka yote ile dada, sasa Madame.

Kadi ilipita. Ephraïm alipiga simu yeye mwenyewe, anapiga kelele kama aliyefunga bao. Kilikuwa kikadi cha bluu chenye jina la Martine limeinuka kidogo, akawa analipapasa kwa kidole gumba. Mashine ilikuja kupitia Kasumbalesa, ikakaa mpakani muda wa kutukondesha, ikafika. Sitaisema vibaya ile mashine, inafanya kazi. Umeme ukija inapiga nembo za masista moja baada ya nyingine, na Martine amekaa pembeni, mikono kwenye mapaja. Kazi ya shule haikuondoka. Kodi inalipwa, benki inarudishiwa kila mwezi, na habari ya Mitwaba imekufa. Nilimwambia, "Unaona? Umeshinda." Akasema, "Tuko tu."

Mwaliko wa Bel-Air haukuja tena. Hakuna aliyegombana naye. Kanisani walimsalimia wote, mzee akigusa kofia, Mama Deborah akiuliza afya. Lakini Pasaka ilipita, ubatizo wa mjukuu ulipita, na nguo za ubatizo ule zilidariziwa na fundi wa Katuba, kazi mbaya, nyuzi zinaning'inia. Krismasi ilipokaribia Martine alinunua jogoo mkubwa, mwekundu, akamfunga miguu, akampeleka Bel-Air mwenyewe. Mimi nilikuwa na malaria, sikwenda.

Alirudi mapema mno. Alikaa kitandani miguuni pangu, akanipa kikaratasi. Kilikuwa kimeandikwa kwa ule mwandiko mzuri wa Papa Godefroid, na tarehe, na saini. Kwa Kifaransa kilisema amepokea kutoka kwa Madame Martine jogoo mmoja.

Nilicheka. Homa na yote, nilicheka mpaka nikakohoa, kwa sababu kuku kuandikiwa risiti ni jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilipotulia nikaona yeye hacheki.

"Alinipatia na heshima," alisema. "Alinisindikiza mpaka ku mulango."

"Na Deborah?"

"Alikuwa ku jiko. Nilisikia bilauri. Hakutoka."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona analia. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akauliza kama nimekunywa dawa.

Papa Godefroid alikufa mvua za mwezi wa pili, presha ikimkuta depo, kati ya mifuko yake. Habari ilitufikia kwa shirika, kama ilivyowafikia watu wote, hakuna aliyemtuma mtoto kuja kumwita Martine. Nilidhani hatakwenda. Alikuwa amevaa tayari nilipofika kwake, liputa ya kazi imefungwa kiunoni, kisu chake cha kukatia mboga kimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa anakwenda kupika. Nilikiona kile kisu, tukaondoka.

Kwetu kwenye matanga hakuna anayegawa kazi. Wanawake wa nyumbani wanaingia jikoni au wanaketi chini kwenye mikeka pamoja na mjane, viatu nje, na hapo chini ndipo wanapolia, wanapolala, wanapokula. Wageni wanakaa uani chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, wanatoa mchango wao, wanapewa soda, wanaondoka jioni. Hata mtoto anajua.

Ua ulikuwa umejaa. Ndani tulimwona Mama Deborah kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, amezungukwa na dada zake. Martine alivua viatu mlangoni. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani Edith alipotoka, binti wa kwanza wa Godefroid, yule ambaye gauni lake la harusi Martine alilidarizi maua mpaka kwenye mkia. Alikuwa amebeba kiti, kile cha mbao chenye mto, cha sebuleni. Si cha plastiki. Alikitua uani, mahali pazuri pasipovuja, akakipangusa kwa kanga yake.

"Karibu, mama," alisema kwa adabu yote. "Ikala hapa."

"Hapana, mwanangu. Niachie niikale chini na mama yako."

"Ikala, mama. Utachoka."

Martine alimtazama Mama Deborah kupitia mlangoni. Na Deborah alimwona, ninaapa alimwona, macho yalikutana. Kisha Deborah aliinamisha kichwa akaanza kulia upya, na dada zake wakamwegemea.

Mimi damu ilinipanda. Nilikuwa nimefungua kinywa kuwaambia wote pale, maiti ndani na yote, wao ni watu gani. Martine alinishika mkono kwa vile vidole vyake vilivyopinda.

"Acha, Mama Gaëlle. Haiko kosa yao. Balinipatia kiti ya muzuri."

Akavaa viatu vyake. Akakaa, kisu kikiwa mapajani ndani ya kitambaa. Ndani wanawake walianza wimbo wa kuaga, ule wa Kiluba ambao yeye ndiye huuanzisha siku zote kwenye matanga ya shirika letu, kwa kuwa ana sauti ya kuubeba. Wageni hawaimbi. Niliona midomo yake inafuata maneno yote, ubeti hadi ubeti, bila kutoa sauti.